Suti ya mwanaanga: hita iko wapi, na ikitoboka je?

Swali: Injinia salama? Mimi fundi friji hapa Arua. Naonaga wanaanga kwenye video wanaelea nje, sasa ile suti inatoa wapi hita ya kuwapa joto maana wanasema kule ni baridi mbaya, na ikitoboka ni kweli mtu anapasuka?

Jibu: Salama fundi. Kazi yangu ni presha na oksijeni za ndege hapa Entebbe, suti ya anga za juu ni ndugu wa karibu. Baridi ipo ndio, kivulini inashuka chini ya nyuzi -100 na juani inapanda mpaka kama 120, lakini shughuli kubwa ya ile suti ni kumpoza mtu. Kule hakuna hewa, na bila hewa joto la mwili halina pa kwenda, ni chai kwenye flaski. Mtu anapiga kazi masaa sita saba humo ndani, asipopozwa anajipika mwenyewe. Ndio maana ndani kabisa anavaa nguo ya kubana yenye vipaipu vyembamba, kwa suti ya NASA, shirika la anga la Marekani, ukivinyoosha ni kama mita 91, maji yanazunguka humo yanabeba joto mpaka begi la mgongoni.

Na kompresa hakuna! Kuna bamba la chuma lenye vitundu vidogo sana, maji yanapenya, yakikutana na utupu wa nje yanaganda, halafu barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka na kuondoka na joto. Wewe gesi yako inazunguka tu, wao maji yakienda yameenda. Hita zipo ila ndogo, kwenye ncha za vidole vya glovu, sababu wanashika vyuma vya baridi. Mwaka 2013 vitundu kwenye mfumo huohuo wa maji viliziba, Luca Parmitano wa Italia akaingiwa na zaidi ya lita moja kwenye helmeti, na kule maji hayadondoki, yanang'ang'ania usoni, puani, machoni, akarudi ndani kwa kupapasa.

Kupasuka hapana, hiyo ni sinema. Ila presha ikishuka maji yanachemka upesi, pale Margherita, kilele cha Rwenzori, mita 5,109, yanachemka kwenye nyuzi 83 hivi, kwenye utupu joto la mwili tu linatosha. Mwaka 1966 kule Houston, Marekani, Jim LeBlanc alikuwa anajaribu suti kwenye chumba kilichonyonywa hewa, paipu ikachomoka, akazimia baada ya kama sekunde 14, anachokumbuka ni mate kuchemka ulimini. Wakarudisha hewa mbio, akapona. Kwa tundu dogo suti ina tangi la akiba la oksijeni, kama nusu saa hivi, ya kumrudisha ndani.

Presha yenyewe wanaweka kama theluthi tu ya ile ya usawa wa bahari, oksijeni tupu, maana ikizidi suti inakakamaa mkono haukunjiki. Leonov, mwanaanga wa Kisovieti, mwaka 1965 suti ilimvimbia akiwa nje akashindwa kuingia vizuri, ikabidi afungue valvu apunguze.

Vumbi linalopita kwa kasi linakamatwa na matabaka ya nje, jua la macho linazuiwa na kioo kilichopakwa dhahabu. Mionzi mikali sasa, hapo suti haifui dafu, wanapunguza tu muda wa kukaa nje.