Jibu: Limberg au Karydakis? Uliza kwanza mshono utalala wapi

Mkuu wa Wete, umesema daktari kakutajia njia mbili za upasuaji, Limberg na Karydakis, kwa ajili ya hiyo pilonido sainasi yako (kitundu cha usaha juu ya makalio) na hujui uchague ipi. Mimi nimepasuliwa pahala hapo hapo, na binamu yangu wa Mkoani kafanyiwa hiyo ya pili, basi nakupa ninayoyajua.

Maradhi yenyewe sisi madereva tunayafahamu. Nywele zinachoma ngozi juu ya mfereji wa makalio, zinazama ndani, panatoboka, panatunga usaha. Kwenye Vita vya Pili vya Dunia yaliwalaza askari wa Marekani kwa makumi ya maelfu, mpaka yakaitwa ugonjwa wa jeep. Mtu anayeshinda kwenye kiti cha plastiki kati ya Chake na Wete atashangaa nini?

Mara ya kwanza nilikatwa nikashonwa katikati, mshono umenyooka ndani ya mfereji wenyewe. Mwanzo ulipendeza. Baadaye ncha ya chini ikafumuka, ikawa kila jioni nguo ya ndani ina doa. Daktari wa pili ndiye aliyenichorea kwenye karatasi: mfereji una kina, jasho linatuama, nywele zinajikusanya, na kila ukiinama ngozi inavutwa huku na huku. Mshono ukilala pale unapona kwa taabu na ugonjwa hurudi zaidi. Kwa hiyo njia zote mbili ulizotajiwa zinatafuta jambo moja: kuuhamisha mshono pembeni na kuufanya mfereji uwe bapa.

Limberg ndiyo niliyofanyiwa mimi. Nyama yote yenye ugonjwa inatolewa kwa umbo la kashata iliyokatwa mshazari, kisha kipande cha umbo hilo hilo kinachorwa kwenye tako, ngozi na mafuta yake, kinazungushwa kuziba shimo. Hakitenganishwi na mwili, upande mmoja unabaki umeshikana ili damu ipite. Kwa ugonjwa uliotanuka au uliokwisha kurudi, naiamini. Lakini kovu lina pembe pembe, tako haliwi tena kama mwenzake, na mpaka leo pana sehemu nikiigusa ni ganzi. Muulize pia ncha ya chini itaishia wapi. Ikibaki katikati, hapo ndipo panapopenda kurudi, na wapo wapasuaji wanaoisogeza pembeni makusudi.

Karydakis alikuwa daktari wa Kigiriki, njia yake aliitangaza 1973, na baadaye akaripoti maelfu ya wagonjwa ambao waliorudiwa ni kama 1 katika 100. Wengine hawajafikia matokeo mazuri namna hiyo, lakini njia imesimama. Wanakata duaradufu iliyoegemea upande mmoja, ukingo wa pili unachimbwa chini, unavutwa kuvuka katikati na kushonwa pembeni. Binamu yangu ana mstari mmoja tu. Ipo na njia ya daktari Bascom wa Marekani, inayofanana nayo, ila huondoa ngozi mbovu na kuacha mafuta mazima.

Ambalo hakuna aliyeniambia ni choo. Kuchutama kunavuta mshono vibaya sana, tafuta choo cha kukaa kabla hujalazwa. Sala niliswali kwa kusimama na kuashiria, maana tahiyatu ilikuwa haikaliki. Utalala kifudifudi au kwa ubavu, na ukiwekewa mpira wa kutoa maji usiuvute wala usiulalie. Nywele za pale ziendelee kuondolewa hata kidonda kikishafunga.

Sasa wewe umeandika una vishimo viwili vidogo na hujawahi kupasuliwa. Kwa hali hiyo, mimi ningemuuliza daktari kama kuna haja ya kuhamisha ngozi yoyote, maana vishimo vidogo vinaweza kuchokolewa kimoja kimoja kwa ganzi ya pale pale ukarudi nyumbani siku hiyo. Ila kama sasa hivi pamevimba na panapwita, hilo ni jipu, likatoboliwe kwanza. Tuambie pakoje.