Maswali ya Wasomaji: Tangi Jipya la Matumbawe Nyumbani

Tangu tulipogusia ufugaji wa samaki wa bahari majumbani, tumepokea barua nyingi kutoka Mombasa na viunga vyake. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu anayeishi hatua chache kutoka baharini ana haja gani ya kungoja wiki sita kabla ya kutia samaki wa kwanza? Tumechagua barua tano na kuzijibu kwa urefu ambao kila swali limestahili.

Swali: Mheshimiwa mshauri, salamu nyingi. Nimetengenezewa tangi la kioo la lita 200, nami ninakusudia kuliweka ghorofani katika nyumba yetu ya zamani. Kaka yangu ana mashua Tudor na amejitolea kuniletea maji ya bahari kwa mitungi. Je, maji hayo yanafaa, na mawe niyatoe wapi? (Msomaji, Mji wa Kale)

Jibu: Ndugu yangu, tuanze na sakafu kabla ya maji. Lita 200 za maji ya bahari zina uzito wa takriban kilo 205, na ukijumlisha kioo, meza, mchanga na mawe utakaribia kilo 300 zinazosimama mahali pamoja usiku na mchana. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina dari za boriti za mikoko, na boriti iliyodumu miaka mingi katika hewa ya chumvi huenda imeliwa ndani huku nje ikionekana nzima. Liweke tangi chini, karibu na ukuta, mahali pasipofikiwa na jua la dirishani.

Kuhusu maji, mshukuru kaka yako, lakini mwombe asiyateke ndani ya hori. Hori ya Tudor hupokea maji ya mito ya Kombeni na Tsalu pamoja na maji machafu ya mji, na wakati wa masika chumvi yake hushuka sana. Matumbawe hutaka chumvi isiyoyumba, takriban gramu 35 kwa kila kilo ya maji, ambayo katika kipimo cha uzito linganifu husomeka 1.025 hadi 1.026. Ateke nje, upande wa bahari kuu, mbali na njia ya meli za Kilindini, siku za bamvua na katika saa ya mwisho ya maji kujaa. Siku hizo, za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Yanapojaa, maji safi ya bahari kuu husukumwa kuelekea pwani, na yanapokupwa, yale ya hori ndiyo yanayotoka. Yachuje kwa kitambaa safi chenye kufumwa kwa karibu, uyapime chumvi, kisha uyatie hewa kwa pampu kabla ya kuyatumia. Mvua ikinyesha mfululizo, acha kabisa kuteka na utumie chumvi maalumu ya matangi inayouzwa kwa mifuko, ambayo huchanganywa na maji yaliyochujwa kwa utando. Usitumie maji ya kisima wala ya mfereji. Maduka ya kujaza maji ya kunywa huwa na mashine hizo za utando, ila baadhi yao huongeza madini baada ya kuchuja, kwa hiyo uliza kwanza.

Nina heshima kubwa kwa njia hii ya maji ya bahari yenyewe. Mwaka wa 1961 Lee Chin Eng, mkazi wa Jakarta, alieleza jinsi alivyokuwa akiwatunza wanyama wa matumbawe kwa kutumia maji ya bahari, mawe yenye uhai, mwanga na mapovu ya hewa tu, wakati wafugaji wa nchi za baridi walikuwa wakishindwa pamoja na mitambo yao. Mji wake ulikuwa wa joto na wa pwani kama wetu, na faida aliyokuwa nayo yeye tunayo sisi pia.

Mawe usiyatoe baharini. Tazama mawe yanayotumiwa kujengea hapa kwetu: mengi ni miamba ya kale ya matumbawe inayochimbwa nchi kavu, na kiini chake ni kalisi (kalsiamu) ile ile inayojenga matumbawe hai. Chagua vipande vyenye matundu mengi, visivyogusana na saruji wala chokaa, kwa kuwa hizo hupandisha pH ya maji (kipimo cha asidi na besi) hadi kuua. Visugue, uviloweke kwa wiki kadhaa huku ukibadilisha maji, kisha pima fosfati, ambayo hulisha mwani. Vitakuwa visivyo na uhai mwanzoni, lakini bakteria watavikalia, na kipande kimoja kidogo kutoka katika tangi la mtu mwingine lililokomaa kitatosha kuanzisha mengine.

Swali: Muuzaji amenishauri ninunue hita ya kupasha maji joto. Je, ni lazima? (Msomaji, Likoni)

Jibu: Mombasa si lazima. Hata wakati wa kusi, mwezi wa Julai na Agosti, maji ya tangi ndani ya nyumba ni nadra kushuka hadi kuleta madhara. Hofu yetu ni mwisho wa kaskazi, Februari hadi Machi, chumba kinapokuwa na joto mchana kutwa na pampu na taa nazo zikaongeza lao. Lenga nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi. Mwaka wa 1998 bahari ilipopata joto kupita kawaida yake, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ilipauka na kufa, na hiyo ilikuwa bahari nzima, seuze kisanduku cha kioo. Fedha ya hita nunua feni ndogo ipulize juu ya uso wa maji. Maji yakigeuka mvuke hupoa kwa nyuzi mbili au tatu. Kumbuka tu kwamba mvuke huondoka bila chumvi. Tangi la lita 200 likipoteza lita 10, chumvi iliyokuwa 35 inakaribia 37. Kwa hiyo kila siku rudisha kilichopungua kwa maji matamu yaliyochujwa, wala si kwa maji ya bahari.

Swali: Nina tangi la lita 150. Nilipewa mawe na rafiki aliyekuwa akivunja tangi lake, na sasa ni wiki ya tatu. Mchanga umegeuka kahawia, nyuzi za kijani zimeota, na usiku nimeona mdudu mwenye manyoya akitoka katika tundu la jiwe. Mume wangu anasema niyachemshe mawe yote nianze upya. (Mama, Bamburi)

Jibu: Dada yangu, tafadhali usichemshe hata jiwe moja. Juu ya mawe yaliyotoka katika tangi la mtu huweza kuwapo wanyama wa jamii ya Palythoa, wafupi na wa mviringo kama vifungo vya koti, ambao baadhi yao wana sumu kali iitwayo palitoksini. Mvuke wa mawe ya namna hiyo yaliyochemshwa umewahi kulaza familia nzima hospitalini katika nchi nyingine. Vaa glavu unapoyashika, na usiyasugue mawe hayo uso wako ukiwa karibu.

Isitoshe, hakuna kilichoharibika. Unayoyaona ndiyo mpangilio wa kawaida wa tangi changa, na wewe umebahatika kuyaona yakifuatana. Mawe yalipohamishwa, baadhi ya vilivyokuwa juu yake vilikufa na kuoza, na uozo huo ukatoa amonia. Kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, na kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina sumu kali na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa huongezeka polepole, na ndiyo sababu ya wiki nne hadi sita tunazozihimiza. Maji ya bahari yana pH ya 8.1 hadi 8.4, na katika hali hiyo amonia huwa na sumu kali kuliko katika maji matamu ya kawaida. Mtu aliyezoea kufuga samaki wa maji matamu na kuwatia siku ya pili hushangaa wanapokufa huku maji yakionekana safi kabisa.

Ule ukahawia ni daiatomu, mimea midogo mno inayojenga ganda lake kwa silika iliyomo katika mchanga na maji mapya. Silika ikipungua, nao hupungua. Nyuzi za kijani hufuata kwa sababu nitrati na fosfati zipo na hakuna wa kuzila. Punguza taa ziwe saa tano au sita kwa siku, maana huna tumbawe linalozihitaji kwa sasa. Nyofoa nyuzi ndefu kwa mkono. Na vipimo vya amonia na nitriti vikisoma 0 kwa siku kadhaa mfululizo, tia konokono wachache wanaokula mwani. Samaki wa kwanza, tena mmoja, aje baada yao.

Na yule mwenye manyoya, mwache. Ni mnyoo wa bahari anayekula mabaki, na bila yeye uozo ungebaki chini ya mawe. Usimguse tu kwa mkono mtupu, kwani manyoya yake huchoma na kubaki ndani ya ngozi. Ninakuomba ufanye hivi: saa moja baada ya kuzima taa, funika tochi kwa karatasi nyekundu ya nailoni, uketi mbele ya kioo bila kugonga. Utaona vidoa vyeupe visivyofika milimita 2 vikirukaruka juu ya kioo, na hao ni kopepodi, chakula cha samaki wengi wadogo. Utaona vidudu vya milimita 5 hivi, vyenye mgongo uliopinda, vikikimbia ubavuubavu kutoka jiwe moja hadi jingine. Juu ya pampu kutaota vijizungusho vyeupe vigumu, nyumba za minyoo midogo inayotandaza vishungi kuchuja maji. Siku moja utakuta doa la waridi lililo gumu kama sehemu ya jiwe lenyewe. Huo ni mwani wa chokaa, na ukianza kuenea ujue kalisi na chumvi vimetulia.

Yaandike yote hayo katika daftari: tarehe, joto, chumvi, amonia, nitriti, nitrati, na ulichokiona. Kwa maoni yangu daftari lina thamani kuliko mtambo wowote, kwa kuwa tatizo la mwezi wa tano aghalabu chanzo chake kimo katika ukurasa wa mwezi wa tatu. Kitu kimoja tu ndicho ukikiona usikivumilie: anemoni (mnyama wa bahari mwenye mikono laini, afananaye na ua) ndogo ya rangi ya kahawia inayopenyeza mwanga, iitwayo Aiptasia. Usiikate wala kuikwangua, kwa sababu kila kipande huweza kuwa anemoni nyingine. Litoe jiwe hilo maadamu iko peke yake.

Swali: Shikamoo mshauri. Mimi ni kijana wa Nyali. Bahari ikipwa matumbawe huonekana wazi. Je, ninaweza kuokota vipande vilivyovunjika? Na wale samaki wa machungwa wenye mistari mieupe nitawapata wapi? (Kijana, Nyali)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiokote. Mbele ya fukwe zenu ipo Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka wa 1986, na ndani yake hakitolewi kitu, liwe tumbawe, kombe au konokono. Matumbawe magumu yote yamo pia katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo hayavuki mpaka wa nchi bila kibali. Lakini hata kama sheria isingekuwapo ningekusihi vivyo hivyo. Tumbawe kubwa la mviringo hukua takriban sentimita 1 kwa mwaka. Kipande cha ukubwa wa ngumi ni miaka mingi ya kazi, na kipande kilichovunjika huweza kushika tena mwambani kikabaki hai. Tangi lako la mwezi mmoja haliwezi kukihifadhi. Tena kuna konokono wazuri wa umbo la koni wanaokaa katika maji hayo hayo, na mmoja wao, Conus geographus, ana mwiba wa sumu uliowahi kuua watu.

Tafuta wafugaji wenzako, uwaombe vipande walivyovikata katika matumbawe yao wenyewe. Anza na matumbawe laini baada ya miezi mitatu au minne, na yale magumu yasubiri hadi kalisi isimame kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita bila kuyumba.

Kuhusu samaki, huyo unayemtaka, Amphiprion ocellaris, si wa bahari yetu. Wa kwetu ni Amphiprion allardi, mwenye mistari miwili mieupe mwilini, na Amphiprion akallopisos, mwenye mstari mmoja mweupe unaopita mgongoni. Ocellaris huzalishwa kwa wingi katika matangi, na ningependa umchukue aliyezaliwa humo, kwani amezoea kioo na hakuna mwamba uliopungukiwa. Hahitaji anemoni ili aishi. Anemoni yenyewe iache hadi tangi litimize karibu mwaka, maana hutembea, hunaswa na pampu, na ikifa huchafua maji yote kwa usiku mmoja.

Swali: Umeme ukipotea usiku nifanye nini? (Msomaji, Changamwe)

Jibu: Hatari ya kwanza ni hewa, kwa kuwa maji ya joto hubeba oksijeni kidogo na wote waliomo, bakteria pamoja nao, wanaendelea kuitumia. Nunua pampu ndogo ya hewa inayotumia betri na uiweke karibu na tangi. Ukiwa huna, chota maji kwa kopo na uyamimine kutoka juu kila baada ya muda mfupi. Usiwalishe samaki mpaka umeme urudi.

Hatari ya pili huonwa na wachache. Ikiwa tangi lako lina tangi dogo la chini lenye chujio na pampu, pampu ikisimama maji ya juu hushuka, na yanaweza kufurika sakafuni hadi kufikia nyaya. Mchana mmoja ukiwa nyumbani, zima umeme kwa makusudi, ngoja maji yaache kushuka, na utazame tangi la chini limejaa kiasi gani. Kama limekaribia ukingo, washa pampu, na maji yakishatulia punguza yaliyo katika tangi la chini, kisha rudia jaribio. Ukiridhika, washa tena, uweke alama ya rangi mahali maji ya tangi la chini yanapokaa pampu ikifanya kazi, na usiyajaze kupita alama hiyo.