Bunduki ya juu ya boriti: kabla ya kuuliza kama inapiga, isome ubavu

Nimeona swali la ndugu yetu wa Malindi, amekuta bunduki imeviringwa mkeka juu ya boriti kwenye nyumba ya marehemu nyanyake, ina mkono wa chuma chini ya kifyatulio, anauliza ina thamani gani na kama bado yapiga. Wengine mshamjibu "peleka polisi" mkaondoka. Hilo la kuwajulisha polisi ni kweli na ntalirudia, lakini maelezo hamkumpa. Mie ni mtu wa Amu, nilikaa Uingereza miaka kumi na moja na huko ndiko nilikopata huu ugonjwa wa bunduki kongwe za risasi moja moja, kwa hivyo nivumilieni.

Wazee wetu walizigawa vizuri kuliko video za siku hizi. Kulikuwa na bunduki ya mrao, hiyo yawashwa kwa utambi, kukaja ya gumegume ya kupiga cheche, kisha ya fataki, kile kidude kinachowaka kikigongwa na nyundo, mwisho ikaja ya viasi, yaani risasi na baruti pamoja ndani ya ganda moja, ambayo watia kwa nyuma si kwa mdomo. Yako wewe ndugu wa Malindi ni ya viasi na kwa ulivyoieleza nadhani ni Martini-Henry au jamaa yake. Jeshi la Uingereza liliichukua 1871 badala ya Snider, na Snider asili yake ni bunduki ya kushindilia kwa mdomo, waliikata nyuma tu wakaitia kimlango kinachofunguka kulia. Ukiona nyundo kwa nje na kimlango cha pembeni basi ni Snider. Martini nyundo haionekani, ukivuta ule mkono chini bonge la chuma linainama, ganda la zamani linaruka, watia kiasi kingine warudisha mkono, na hapo ishajikoki yenyewe.

Imefikaje Malindi? Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za viasi kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika, gumegume zikaachiwa, lakini Maskati, kule Omani, soko la silaha liliendelea kuchemka mpaka kama 1912, na majahazi ya kutoka huko nyote mwajua yalikuwa yakitia nanga wapi.

Sasa ubavu. Upande wa kulia, juu ya kifyatulio, yatakiwa kuwe na taji, chini yake V.R. yaani Malkia Victoria, halafu kiwanda (Enfield, au B.S.A. & M. Co. ya Birmingham) na mwaka. Mie ya kwanza niliinunua mnadani, nikaibeba nyumbani kama nimeoa. Nikampelekea mzee mmoja wa Kiingereza tuliyekuwa tukipiga naye shabaha, akaigeuza, akaniuliza, "Victoria alikufa lini?" Nikasema 1901. Akanionyesha kidole: V.R., 1907. Malkia ana miaka sita kaburini bado anatia muhuri! Na herufi N imeandikwa kinyume. Kumbe ni kazi ya mafundi wa Khyber, mpakani mwa Pakistani na Afghanistani, wale wanakopi bunduki yoyote kwa tupa na nyundo, wanakopi hata maandishi wasiyoyasoma. Kwa macho ni nzuri mno, lakini chuma chake hujui kilikuwa reli ama nini, ukiipiga waweza kuachiwa macho yako mkononi. Ikawa ya ukutani, basi.

Ya pili ilikuwa ya kweli, ya 1886. Kule Uingereza kwa kuwa kiasi chake, .577/450, kimehesabiwa kuwa kimepitwa na wakati, waweza kuiweka kama pambo bila cheti, ila siku ukinuia kuipiga tu wataka cheti cha bunduki na karatasi nyengine ya kuweka baruti. Viasi dukani ni vya kutafuta kwa tochi, tukawa twatengeneza wenyewe kutoka maganda ya shaba ya shotgani ya geji 24. Baruti nyeusi kama gramu 5.5, na nasema NYEUSI, ukiitia hii baruti ya kisasa isiyo moshi mgandamizo wake si wa bunduki ya karne ya 19. Risasi yenyewe ni ya gramu 31, nyuma yake twaweka nta ya nyuki ilochanganywa na shahamu. Nikaipiga mara ya kwanza uwanja wa shabaha wa Bisley, Surrey, yakhe, punda wa Amu hajawahi kunipiga teke kama lile, na moshi ukatanda hata shabaha siioni, harufu ya yai bovu. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Jioni ile nilikuwa nawahi treni, nikasema ntaisafisha kesho. Kosa. Masizi ya baruti nyeusi yanavuta maji hewani, asubuhi mtutu ndani ni mwekundu kama tofali. Tangu siku hiyo nikawa nachemsha birika kabla hata ya kuvua viatu, maji moto, kitambaa kwenye mdeki, ile fimbo ya kupitisha ndani ya mtutu, kisha mafuta. Na hiyo ni baridi ya Surrey, sembuse upepo wetu wa chumvi.

Kwa hivyo ndugu yangu, kwetu Kenya maadamu huna cheti ichukulie hiyo ni silaha, hata iwe ya babu wa babu. Usiibebe kwenda nayo kituoni, hasa huku pwani kulivyo na doria, nenda mikono mitupu ukaeleze, waje wenyewe waitazame. Usivute ule mkono kujaribu, yaweza kuwa na kiasi ndani, na baruti nyeusi ya miaka mia ikikaa pakavu bado yawaka. Usiiguse kwa msasa maana ukifuta yale maandishi umefuta kila kitu, na usiipake mafuta ya nazi kama alivyoshauri mmoja hapo juu, yakikaa yanachacha, ukiruhusiwa kuiweka tumia mafuta ya cherehani. Bei usiniulize, hapa si kibanda cha kuuzia.

Wakishaitazama na kukupa ruhusa piga picha ya ubavu wa kulia uilete hapa tuisome. Ila ukikuta V.R. na 1907 hebu usinionyeshe, ya kwangu yatosha.