Tumbo Limepunguzwa, Sinia Ni Lile Lile

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Musoma, ambaye amepangiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, aliniandikia ujumbe mrefu kuhusu gharama, maumivu na kupona kwa mshono, kisha mwishoni kabisa, kama mtu anayeona haya, akauliza: "Kaka, ugali nitakula tena?" Nilimjibu siku ile ile kwamba atakula. Hata hivyo swali lake lilinikaa moyoni, kwa kuwa nililiuliza mimi pia kabla yake, na ninajua linabeba nini: kama ataendelea kukaa na wenzake kwenye sinia moja, kama ukweni watamwelewa, na kama atabaki kuwa yule mwanamume ambaye mwili wake ulihesabiwa kuwa ushahidi kwamba nyumbani kwake kunaliwa.

Mimi nilifanyiwa upasuaji huo mwaka juzi nikiwa na kilo 148, vidonge viwili vya presha kila asubuhi, na magoti yaliyokuwa yameanza kuninyima hata ngazi za kanisani. Leo nina kilo 104, kidonge cha presha kimebaki kimoja kwa uamuzi wa daktari, na ninapanda mawe ya Bugarika, hapa Mwanza, kwenda kwa dada yangu bila kusimama njiani na kujifanya ninaongea na simu. Wapo wanaosema kwamba nilipita njia ya mkato. Wenye maneno hayo ningependa wakae nami mezani juma moja tu.

Kwa aina niliyofanyiwa mimi, daktari huondoa takribani asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula na kuacha mrija mwembamba. Utumbo haukatwi, ingawa mtaani kila mtu atakwambia kwamba fulani amekata utumbo. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya ghrelini, ambayo huamsha njaa, na ndiyo maana katika miezi ya mwanzo mtu anaweza kupitisha mchana mzima bila kukumbuka chakula. Ipo aina nyingine ambayo hubakiza kifuko kidogo sana na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, nayo hubadilisha hata namna mwili unavyofyonza virutubisho. Puto la tumboni, huduma ambayo imekuwa ikitolewa hospitali ya Mloganzila huko Dar es Salaam, ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa huingizwa kupitia mdomoni na hutolewa baada ya miezi kadhaa. Ninayataja haya kwa sababu watu huyachanganya, kisha wakapeana ushauri usiowahusu.

Wiki za mwanzo sitazieleza sana, maana hazina hadithi. Ni maji kwa kufyonza kidogo kidogo, mchuzi wa sato uliochujwa, maziwa na uji mwembamba, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha vilaini, na hatua hizo zote huenda kwa ratiba ya daktari wako, si kwa ratiba ya jirani. Jambo moja tu la wakati ule ninalikumbuka kwa mshangao: mke wangu aliwatoa vichwa dagaa, akawakaanga bila mafuta, akawasaga wakawa unga, akachanganya na uji wangu. Harufu yake ilinishinda siku ya kwanza. Baadaye niliizoea, na hadi leo, nikiwa na mafua au nikikosa hamu ya kula, uji wa dagaa ndio unaonirudisha, kwa sababu dagaa analiwa mzima pamoja na mifupa yake, hivyo unapata protini na kalsiamu kwa vijiko vichache.

Protini ndiyo mkuu wa meza sasa. Niliagizwa nipate kati ya gramu 60 na 80 kwa siku, na kwa tumbo dogo namna hii hesabu hiyo haiji kwa bahati. Yai moja lina takribani gramu 6. Gramu 100 za sato aliyepikwa zina zaidi ya gramu 20. Ugali, pamoja na heshima zake zote Kanda ya Ziwa, unajaza nafasi na kukuacha mikono mitupu. Kwa hiyo nikikaa mbele ya sahani ninaanza na mnofu wa samaki, ule mnene wa mgongoni karibu na kichwa. Ninautoa kwa vidole, ninaupapasa kutafuta miiba, ninautafuna mpaka unakuwa laini kabisa, ndipo ninameza na kusubiri. Mboga hufuata. Ugali huja mwisho, tonge la ukubwa wa ncha ya kidole gumba, na mara nyingi zamu yake haifiki. Ugali wa udaga, yaani wa muhogo, kwa jinsi unavyonata, ulinichukua muda mrefu zaidi kuuzoea kuliko wa mahindi.

Mwili nao una namna yake ya kusema basi. Kwa wengine ni kwikwi, kwa wengine pua huanza kuchuruzika. Kwangu ni chafya. Moja ikitoka, nimeshiba, na tonge litakalofuata litakwama chini ya kifua na kunijaza mate mazito ya povu mdomoni. Mke wangu ameijua ishara hiyo kuliko ninavyoijua mimi. Wageni wakiwa wanaongea, nikiwa nimenyoosha mkono tena, ninamsikia akisema taratibu, "Baba Kulwa, umeshapiga chafya." Ninarudisha mkono.

Halafu kuna maji. Sisi tumekulia katika meza ambayo jagi huzunguka pamoja na ugali, na mtu hushushia. Hilo limekwisha. Ninaacha kunywa ninapoanza kula, na ninasubiri takribani nusu saa baada ya kula kabla ya kuonja maji, kwa kuwa ukishushia unajaza tumbo kwa maji na protini inabaki kwenye sahani. Muda uliobaki chupa haitoki mkononi, kwa sababu jua la Mwanza halina huruma na huwezi tena kugida nusu lita kwa mkupuo mmoja ukasema umefidia. Ninasisitiza tena: protini kwanza, tafuna, subiri, maji baadaye.

Vitu vitamu vina kisa chake. Kazini tulikuwa na sherehe ya kumuaga mwenzetu, nikapewa keki na soda. Kabla hotuba hazijaisha moyo ulianza kwenda mbio, jasho likanitoka kama niliyenyeshewa, na nikalazimika kutafuta choo kwa haraka isiyolingana na cheo changu. Sukari nyingi ikishuka kwa kasi kwenye utumbo mwembamba, mwili huvuta maji kwa wingi kuelekea huko, na hayo ndiyo matokeo yake. Hutokea zaidi kwa waliofanyiwa ile aina ya kuunganisha, lakini na sisi wa mrija hatujaachwa.

Kuhusu mwili wenyewe, jiandae kushangazwa na mambo ambayo hakuna anayeyapiga picha. Kuanzia mwezi wa tatu hivi nywele hupungua. Kinyozi wangu wa Kirumba aliona kabla yangu, akazima mashine na kuniuliza kama ninaumwa. Mara nyingi huota tena baada ya miezi kadhaa iwapo protini na madini ya chuma vinatosha. Baridi, ambayo sikuwahi kuijua, sasa ninaisikia kwenye kivuko cha Kamanga asubuhi, na ninabeba sweta huku abiria wenzangu wakiwa na mashati ya mikono mifupi. Benchi la kanisani linaniumiza makalio, kwa sababu mto niliozaliwa nao umeondoka. Ngozi ya tumbo imeninginia, na kwa joto letu hushika jasho na kuwasha. Dawa yake ni kuosha, kukausha vizuri kwenye mikunjo, na kuvaa fulana ya pamba, na ikianza kutoa harufu au vidonda, nenda hospitali. Wapo wanaoondoa ngozi hiyo kwa upasuaji mwingine, ambao madaktari hushauri usubiri mpaka uzito utulie. Mimi sina mpango huo. Nguo nilizipeleka kwa fundi wa Mlango Mmoja, akazipunguza mara mbili, kisha akanirudishia suruali ya tatu na kuniambia kwa adabu kwamba mifuko ya nyuma sasa imekutana.

Katika dawa sina mzaha. Vitamini na madini, yaani B12, chuma, kalsiamu na vitamini D pamoja na vidonge vya mchanganyiko, ni vya maisha, na damu hupimwa kila mara daktari anapoagiza. Gharama yake iwe kwenye hesabu yako kabla hujalipia upasuaji, kwa maana nimewaona watu waliochangisha ukoo mzima kwa ajili ya upasuaji na kukosa vidonge mwaka uliofuata. Ukienda duka la dawa na maumivu ya mgongo, usikubali kupewa diklofenaki au ibuprofeni bila kumuuliza daktari wako, kwa sababu huweza kuleta vidonda kwenye tumbo lililokatwa. Ukitapika siku kadhaa mfululizo, usikae nyumbani ukinywa tangawizi. Upungufu wa vitamini B1 unaotokana na kutapika huko huweza kuharibu mishipa ya fahamu. Maumivu makali ya upande wa kulia chini ya mbavu yanaweza kuwa vijiwe vya nyongo, ambavyo huwapata wengi wanaopungua kwa kasi. Kwa dada zetu, madaktari hushauri kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu kabla ya kubeba mimba. Bia niliiacha, na simhubirii mtu, ila ajue kwamba pombe hupanda haraka sana kuliko zamani.

Sasa nirudi kwenye sinia, kwa kuwa huko ndiko nilikoumia, na sijui kama nimepona.

Safari yangu ya kwanza ukweni, Magu, mama mkwe aliniletea sato mkubwa wa kuchemsha na ugali uliofunikwa vizuri, chakula cha kumpokea mkwe kwa heshima. Nilikuwa ninajua kiasi changu. Lakini shemeji zangu wawili walikuwa wamekaa wakinitazama, na kila nilipopumzika mmoja alisema, "Karibu, shemeji, kula." Nilikula kwa kasi yao. Chakula kikakwama, nikatoka nje, nikaishia nyuma ya zizi nikitema povu, na watoto wakaniona. Jioni ile ile habari ilikwisha kuzunguka kwamba mkwe ni mgonjwa.

Miezi michache baadaye, katika msiba wa ukoo wetu, mzee mmoja ninayemheshimu alinivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini nimeanza dozi lini. Nikadhani anauliza kuhusu presha. Hakuwa anauliza kuhusu presha. Kumbe kazini nako kulikuwa na mwenzangu, ambaye tulikula pamoja chakula cha mchana kwa miaka mingi, aliyekwisha kuwaambia watu kwamba nimepukutika na kwamba wamsaidie mke wangu kwa sala. Nimemsamehe, kama ninavyotakiwa, ila chakula cha mchana sili naye tena. Na hata kama ingekuwa kweli ninatumia dawa za virusi vya UKIMWI, je, hiyo ndiyo namna ya kumtunza mgonjwa? Wanaozitumia kwa uaminifu wanaishi, wanafanya kazi na kulea watoto, na hawastahili kuwa mfano wa kutishia watu wanaokonda. Tuache tabia hiyo, ndugu zangu. Tumeirithi kutoka miaka ambayo kukonda kulikuwa na maana moja tu, na miaka hiyo imepita.

Baada ya msiba ule niliamua kusema. Simwambii kila mtu kila kitu. Hospitali na gharama ni vyangu. Lakini kabla sijanawa mikono ninamwambia mwenyeji kwa sauti ya kawaida, "Nilipasuliwa tumbo, daktari ameagiza nile kidogo kidogo." Sentensi hiyo inatosha. Sijawahi kuona mwenyeji wa Kanda hii akibishana na agizo la daktari, ingawa atabishana na mgeni anayesema tu kwamba ameshiba. Ukificha, watu watakutungia ugonjwa, na wataupamba. Nawe ndugu yangu wa Musoma, mwambie mama mkwe wako kabla ya upasuaji, mwambie na mke wako amwambie, kisha mrudie kumwambia.

Mama mkwe wangu, tangu alipoelezwa na binti yake, ananiwekea sahani yangu pembeni: kipande cha sato, mlenda kidogo, na ugali ambao yeye mwenyewe anaucheka kwa udogo. Baada ya saa tatu anauliza kama muda wa mkwe umefika, na analeta kingine.

Nanyi mnaokaribisha wageni, acheni kusimama juu ya kichwa cha mtu mkihesabu matonge. Mgeni akibakisha samaki nusu, mfungieni aende naye, ampashe moto kesho asubuhi.