Safari ya klasi bila bisi: maswali yenu na majibu

Jambo yenu wote. Toka niliposema kwamba klasi ya hapa Lubumbashi inaweza kutembelea pango la Ufaransa asubuhi, kwa mtandao, bila kutoka mu klasi, na saa sita kila mtoto eko kwao anakula bukari, maswali yameingia mengi kuliko nilivyofikiria, mengine ya sauti, mengine yameandikwa haraka haraka mpaka nikasoma mara tatu. Sitaweza yote. Haya ndiyo nimechukua.

Jambo Mwalimu. Mie nafundisha primeri huku Katuba. Direktere wetu anasema hiyo safari ya mtandaoni ni video tu wameipa jina kubwa. Ni kweli?

Mama, direktere wako ana ukweli nusu. Nyingi ni video tu, tena za kulalisha. Lakini ile safari yenyewe ni tofauti kwa kitu kimoja: video inakupeleka inapotaka yenyewe, safari unatembea wewe. Unageuka kushoto, unarudi nyuma, unasimama mbele ya kitu mpaka uchoke.

Mie naanzaka na Lascaux. Ni pango la kusini-magharibi ya Ufaransa, vijana wanne waliligundua mwezi wa 9 mwaka 1940, ndani kumejaa farasi na ng'ombe-dume waliochorwa maelfu ya miaka iliyopita. Watu wakaja kwa wingi, na pumzi yao, joto lao, unyevu wao vikaanza kuharibu kuta, mpaka mwaka 1963 serikali ikafunga mlango. Sasa Wizara ya Utamaduni ya Ufaransa imeweka matembezi ya bure mtandaoni, kwa Kifaransa, na hapo ndipo utamu uko: mtoto wa Paris naye haingii mle, anaona kopi au anaona skrini kama mtoto wa Katuba. Hakuna mwenye kuonewa.

Na usianze na picha, anza na swali: pumzi ya mtu inaharibu ukuta kwa namna gani? Siku moja niliuliza hivyo, mtoto mmoja mkimya sana akaamka, akaenda ku dirisha, akapuliza kioo, halafu akaandika jina lake kwa kidole pale penye ukungu. Hakusema neno. Klasi nzima ikaelewa, na bado sikuwa nimewasha simu.

Mwalimu, maneno yako ni mazuri lakini mie niko Ruashi, watoto 62, hatuna retro (mashine ya kutupa picha ku ukuta), kura (umeme) inakuja ikitaka, na simu ni yangu moja yenye kioo kimepasuka. Safari gani hapo?

Ndugu yangu, karibu ku chama. Mara ya kwanza mie kufanya hii kitu nilinunua forfe ya mega (bando ya intaneti) kwa pesa yangu, nikaomba retro kwa rafiki, nikamwita prefe (mkuu wa shule) aje kuona maajabu, tukafika mlangoni mwa muze (jumba la makumbusho), mlangoni kabisa, mega zikaisha. Watoto zaidi ya 40 tukabaki tunaangalia kale kaduara kanazunguka. Prefe alikaa dakika tano, akasema "endeleeni", akaondoka. Toka siku hiyo sifundishi tena nikiwa nimeshikwa na mtandao, naenda kama mtu wa kwenda shamba, chakula kimefungwa toka jana.

Yaani usiku, au mahali penye wifi ya mtu mwenye huruma, unapita safari yote wewe mwenyewe, unachukua kapture za skrini kumi au kumi na tano, zile muhimu tu, unazipanga, kesho yake hauhitaji hata mega moja. Video za kuzunguka pande zote uziogope kidogo, zinakula mega, juu (kwa sababu) faili inabeba mpaka vile viko nyuma ya kichwa chako, ambavyo hauangalii, unalipia dunia nzima na unaona dirisha moja. Halafu kuna Kiwix, programu ya bure, unateremsha faili yake mara moja, Wikipedia ya Kifaransa ama ya Kiswahili, halafu inafunguka bila intaneti, na unaweza kuwapa wenzako faili ile ile kwa kadi ya memori. Kwa mwalimu wa Ruashi hiyo ni maktaba mu mfuko.

Sasa simu moja kwa watoto 62. Usiipitishe mkono kwa mkono, utalia. Fanya hivi: mtoto mmoja anashika simu, yeye tu anaona, yeye ndiye gide (muongozaji). Wengine wanamuuliza maswali na wanachora kile anasema. "Mlango uko wapi?" "Yule mnyama anaangalia wapi?" "Ana pembe ngapi?" Gide akisema "kuna kitu kikubwa" wanamkatalia, kikubwa kama nini, kama ndoo ao kama nyumba? Baada ya dakika kumi unabadilisha gide. Mwishoni ndipo unaonyesha picha na kila mtu analinganisha na mchoro wake. Kelele itakuwa mingi, umwambie jirani wa klasi ya pembeni mapema. Mie siku hizi hata retro ikiwepo nafanyaka hivi hivi, juu mbele ya retro watoto wanakaa kama wako ku sinema, lakini hapa kila mmoja anatafuta neno la Kifaransa la kitu ambacho hakioni.

Niko na miaka 16, nasoma sekondari Kampemba, sayansi. Laboratuari yetu ni kabati moja na funguo imepotea. Twende wapi?

Kijana, mwende juu. Kuna Stellarium, programu ya kuonyesha anga na nyota, ya bure, inawekwa ku ordinateri (kompyuta) na ikishaingia haihitaji mtandao. Unaiambia uko Lubumbashi, inakupa anga ya Lubumbashi, usiku wowote unaotaka. Lakini mie nataka muangalie mchana. Mji wetu uko karibu digri 11 na nusu kusini ya ikweta, kwa hiyo jua linapita juu ya kichwa kabisa mara mbili kwa mwaka, kiasi cha katikati ya Februari na mwisho wa Oktoba. Mpeleke tarehe mbele mu programu, siku kwa siku, muone jua la saa sita linapanda mpaka juu kabisa. Mkishaipata ile siku, mtoke nje na kijiti, mkisimamishe wima, mfatilie kivuli chake kutoka saa tano na nusu mpaka saa sita na nusu. Kitapungua, kitapungua, halafu kitakuwa kama kimemezwa na ardhi. Februari mvua inatuharibiaka, Oktoba ni afadhali.

Kile kituo cha anga cha kimataifa nacho kinatembelewa, toka 2017 Google iliweka picha zake za ndani, alizipiga mwanaanga Mfaransa Thomas Pesquet akiwa mle mle. Unaingia, hakuna chini wala juu, waya kila ukuta. Kiko kiasi cha kilomita 400 juu yetu na kinazunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Waambie wenzako hivi: kikipita juu ya mji, ni mbali kuliko mji wa Kolwezi, lakini si sana. Kamina kwa treni ni mbali zaidi.

Na kama mwalimu wa mathe anasema haimuhusu, mpelekeeni mfupa wa Ishango. Ulichimbuliwa 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin kandokando ya ziwa Edward, pale mto Semliki unatokea, huko Kivu kwetu, na umri wake unahesabiwa kiasi cha miaka 20,000. Leo uko Brussels ku taasisi ya sayansi asilia, picha zake ziko wazi. Una alama zimekatwa kwa safu tatu. Safu moja ni 11, 13, 17, 19. Ingine 11, 21, 19, 9. Jumlisheni. Ni hesabu, ni kalenda ya mwezi, ao ni za kushikia vizuri tu, wataalamu bado wanabishana, na nyie muingie mu ubishi ule.

Mie ni papa wa watoto watano hapa Kamalondo. Mtoto wangu wa tatu ameniuliza vitu vya wankambo (mababu) viko wapi, nikakosa jibu. Tunaweza kuviona kwa simu?

Papa, nimekaa na swali lako siku mbili. Mengi yako Tervuren, ile muze ya Afrika karibu na Brussels. Jumba lake lilifunguliwa 1910, mwaka ule ule mji wetu ulianza wakiuita Elisabethville, fikiria hiyo: kule wanajenga kabati, huku wanajenga mahali pa kutolea vitu. Ilifungwa kwa kutengenezwa na ikafunguliwa tena Desemba 2018, na vitu vingi picha zake zinaonekana mtandaoni. Vingine viko Marekani.

Kwa mtoto wako mie ningeanza na lukasa. Ni ubao wa Waluba, unatosha mu mkono, umebanwa katikati kidogo, juu yake shanga na simbi zimegongomelewa. Brooklyn Museum ya New York iko na moja, picha yake ni safi sana, unaikuza mpaka unaona shanga moja moja. Lakini sikiliza. Lukasa haikuwa kitu cha kuangalia. Watu wa kumbukumbu, bana balute, walikuwa wanaishika kwa mkono wa kushoto, halafu kidole cha mkono wa kuume kinapita juu ya shanga, na kidole kikipita, historia inatoka mu kinywa: wafalme, safari, mahali patakatifu, nani alimfuata nani. Kilikuwa kitabu cha kidole. Sasa kiko nyuma ya kioo, na kwako kiko nyuma ya vioo viwili, cha kule na cha simu yako. Kidole chako kinagusa skrini na skrini ni laini tu. Hapo mie nakasirika, sifichi.

Basi tufanye nini. Chukua kipande cha karton, gundi, mbegu za maharagi, vifungo vya shati la zamani. Mwambie mtoto atengeneze lukasa ya jamaa yenu: kifungo kikubwa ni nkambo aliyekuja kufanya kazi ku mashimo (migodi), mstari wa maharagi ni njia ya treni, na kadhalika. Halafu afunge macho asome kwa kidole mbele ya ndugu zake. Nilifanya na klasi yangu. Msichana mmoja aliweka sehemu tupu bila kitu, akipita pale kidole kinaanguka, akasema hapa ni papa. Hatukumuuliza zaidi.

Halafu Papa, kabla ya Tervuren, Muze ya Taifa iko hapa hapa mjini, kwa miguu. Uliza kuhusu misalaba ya shaba, ile watu walilipia nayo bei ya vitu zamani. Makaburi ya Sanga kule kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbwa 1957 na 1958, yalikuwa nayo ndani. Ndiyo ile ile mitatu iliyochorwa ku bendera ya Katanga ya 1960.

Mwalimu, mtoto alivaa yale malunete (miwani) ya kuona pande zote kwa shangazi yake, akatapika. Ni ugonjwa?

Hapana mama. Macho yanaambia kichwa "tunakimbia", sikio la ndani, ambalo ndilo linashikilia mizani ya mwili, linasema "tumekaa". Kichwa kinachanganyikiwa, tumbo linalipa. Akae chini ku kiti, dakika chache tu, akisikia vibaya atoe. Kama ni mdogo, aangalie ku simu tu bila malunete, hakosi kitu kikubwa. Akiendelea kutapika bila malunete, hapo ni daktari si mie.

Safari zote ni Kifaransa na Kiingereza. Watoto wangu wa mwaka wa pili wanasikia Kiswahili tu.

Zima sauti, sema wewe. Kweli, ni hivyo tu.

Tuko vijana sita wa Kenya (ya hapa Lubumbashi, wale wa Nairobi wasichanganyikiwe). Tunataka sisi ndio tufanye safari, wengine waje kutembelea kwetu. Tuanzie wapi?

Hili nimelipenda kuliko yote. Hamhitaji kamera ya pesa mingi. Simu nyingi zina panorama ndani, unasimama mahali pamoja, unazunguka polepole, mikono imebanwa ku mbavu ili isitetemeke. Asubuhi mapema, juu saa sita kila kitu kinakuwa cheupe. Mchague mahali patano tu. Ile shemine (bomba la moshi) kubwa na kilima cheusi cha mabaki ya shaba, kila mtu anapiga picha yake, lakini pigeni kutoka mbali, kutoka ku baraza la mtu, nguo zinaanikwa mbele, ndivyo sisi tunaionaka kila siku. Shaba ya kwanza ilitoka hapa 1911, hiyo muiseme. Muende kwa wachongaji wa malakite, murekodi sauti ya jiwe linasagwa, na muulize juu ya nini ni kijani: ni shaba ndani yake.

Mambo ya kuangalia: karibu na mashimo, kambi na ofisi za serikali muombe ruhusa kwanza, kwa mandishi kama inawezekana, kuna mwanafunzi wangu mmoja alikaa masaa manne akieleza picha ya mti. Sura za watoto wadogo msiziweke bila mzazi kukubali.

Na kila mahali muweke sauti ya mtu, si yenu. Mzee aliyefanya kazi ku mashimo ao ku reli, mama anayekumbuka soko lilikuwa wapi zamani. Muende mkiwa wawili, si sita, sita ni kama polisi. Mpeleke sukari. Na simu iwe imejaa sharji toka nyumbani, juu mzee atakaa nusu saa anauliza nyie ni watoto wa nani, halafu ataanza ghafla.