Kumsifu Mungu bila kumwomba kitu: jibu refu kwa mleta mada

Tumsifu Yesu Kristo.

Dada mleta mada umeuliza mambo mawili, na naona wachangiaji wengi wamelikimbilia la pili, la kwanza wakaliruka. La kwanza: padre kwenye semina ya Kwaresima aliwaambia kuna sala ya kumsifu Mungu kwa ajili yake mwenyewe, si kwa sababu ya alichokupa. Umejaribu, na kila mara baada ya sentensi mbili tatu unajikuta ama unashukuru ama unaomba ada ya watoto. La pili: hivi Mungu anataka sifa za nini, kama mheshimiwa anayesubiri kupigiwa makofi?

Mimi si padre wala mtawa. Ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo huku Moshi, na asubuhi nasali Masifu, ile sala ya Kanisa ya zaburi na nyimbo, kwa kitabu kabla ya kwenda kazini. Nitakayosema yametoka huko, kwa hiyo wenye teolojia yao mtanirekebisha.

Kukwama kwako ni kwa kawaida kabisa. Sikiliza tunavyosali kwenye jumuiya zetu: tunafungua kwa kushukuru kwa "zawadi ya uhai", tunapita hapo mbiombio, tunafika kwenye shida zetu, tunafunga. Ile shukrani yenyewe mara nyingi ni hodi tu. Sasa Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kile kitabu cha mafundisho ya imani yetu, inataja aina tano za sala: kubariki na kuabudu, kuomba, kuombea wengine, kushukuru, na kusifu. Sifa imewekwa ya mwisho, namba 2639, na maelezo yake ni kwamba hii ndiyo sala inayomtambua Mungu moja kwa moja kuwa ni Mungu. Inamtukuza kupita yale anayotenda, kwa sababu tu Yeye yupo. Kwa hiyo padre wenu hakuwa anawatungia kitu kipya.

Mwaka mmoja wakati wa Majilio nilipendekeza jambo kwenye jumuiya. Kawaida baada ya Injili na tafakari inafika zamu ya nia, kila mmoja anasema yake na wote tunaitikia "Ee Bwana, twakuomba utusikie". Nikasema leo mzunguko wa kwanza hakuna kuomba na hakuna kushukuru. Kila mtu amwambie Mungu kwamba Yeye ni nani, basi. Aisee, kimya kilichoingia pale sebuleni! Ukawa unasikia friji inavyonguruma. Mama mmoja hodari wa sala ndefu akaanza vizuri: "Ee Mungu Mwenyezi, wewe ni mkuu, ndiyo maana tunakuja mbele zako na shida zetu..." Watu wakacheka, naye akacheka, akanyamaza. Mzee mmoja akasema, "Wewe ni mtakatifu," akaishia hapo. Halafu kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye nusu ya waliokaa pale walijua anadaiwa, akasema kwa sauti ya chini, "Mungu, wewe hudaiwi na mtu."

Watu walicheka tena, lakini mimi maneno yale niliondoka nayo. Paulo anauliza jambo hilo hilo katika Warumi 11:35: ni nani aliyempa Mungu kitu kwanza hata alipwe? Yule kijana hakuwa anamnukuu Paulo, sidhani hata anaukumbuka huo mstari. Alitazama maisha yake yalivyo, akamtazama Mungu, akaona wasivyofanana. Hakuomba deni lilipwe, ingawa kila mtu alitegemea hicho ndicho kitakachofuata.

Na kwa kweli swali lako la pili linajibiwa hapo hapo. Mheshimiwa anayahitaji makofi kwa sababu yasipopigwa anapungua. Asiyedaiwa na mtu hapungui. Kanisa linalisema hili wazi kwenye Misa, katika Utangulizi wa Kawaida wa Nne, moja ya zile sala za padre kabla ya "Mtakatifu, Mtakatifu": padre akiwa altareni anamwambia Mungu kwamba hahitaji sifa zetu, kwamba hata kule kumshukuru ni kipaji chake mwenyewe, na kwamba sifa zetu hazimwongezei chochote ila zinatufaa sisi kwa wokovu. Siku moja sikiliza vizuri utangulizi huo ukisomwa. Unaanza kumsifu Mungu kwa kukiri mbele yake kwamba hajapungukiwa na sifa zako.

Turudi kwenye namna ya kusali. Ushauri wangu ni huu: usijilazimishe kutunga. Chukua maneno ya Kanisa, maana mengine unayo tangu utotoni na hujawahi kuyatazama. Kumbuka zile sala tulizokaririshwa na katekista. Sala ya matumaini inataja tunachotazamia, yaani neema hapa duniani na utukufu mbinguni. Ni sala nzuri na halali. Ukifika kwenye sala ya mapendo, sababu inabadilika: "nakupenda zaidi ya chochote, kwani ndiwe mwema, ndiwe mwenye kupendeza." Hakuna ulichopewa wala utakachopewa. Hapo umeshasifu kwa namna ile ile aliyoisema padre, tena kwa pumzi moja, na watoto wa mafundisho ya komunyo ya kwanza wanaisema kila siku wakiwa wanasukumana kwenye benchi.

Au ule Utukufu wa Jumapili. Kwaya zetu zinauimba kwa ngoma na vinanda mpaka maneno hayasikiki (samahani wanakwaya, nawapenda, ila ni kweli), lakini tazama mstari huu: "Tunakushukuru kwa ajili ya utukufu wako mkuu." Hata shukrani hapo imehama. Hatushukuru kwa mvua wala kwa kazi, tunashukuru kwa sababu Yeye ni mtukufu. Vivyo hivyo "Atukuzwe Baba" tunayoimeza kila mwisho wa fungu la rozari kwa sababu tunawahi fungu linalofuata. Ukiwa unaongoza rozari jumuiyani, punguza mwendo hapo tu. Usiwaelezee watu, wewe punguza mwendo, watakufuata.

Aliyenifundisha zaidi ni Fransisko wa Assisi, na simaanishi yule wa kwenye picha mwenye ndege mabegani. Septemba mwaka 1224 alikuwa juu ya mlima wa La Verna, Italia, ndipo alipopata madonda matakatifu, yaani alama za majeraha ya Yesu msalabani. Ndugu Leo, aliyekuwa naye, alikuwa akisumbuliwa na majaribu, na alitamani apate maandishi ya mkono wa Fransisko. Fransisko akachukua kipande cha ngozi. Upande mmoja akaandika sifa za Mungu, upande wa pili akamwandikia Leo baraka. Ndugu Leo alikikunja, akakaa nacho maisha yake yote, na kipo hadi leo katika basilika ya Assisi. Mwili wa Fransisko wakati huo ulikuwa umechoka na macho yalikuwa yanaharibika, mtu ungetarajia aombe walau nafuu. Zile sifa hazina ombi hata moja. Ni Wewe, Wewe, Wewe: Wewe ni mtakatifu, wewe ni mwenye nguvu, wewe ni upendo, wewe ni hekima, wewe ni unyenyekevu, wewe ni subira, wewe ni uzuri. Hasemi "umenipa subira". Anasema Mungu ndiye subira. Unyenyekevu nao, fikiria, sifa ambayo sisi tusingethubutu kumpa Mwenyezi, yeye ameiweka humo.

Ukitaka zoezi jepesi, fanya kama alivyofanya. Kaa mbele ya Sakramenti Kuu, yaani Ekaristi, siku ya kuabudu na uanze kila sentensi na "Wewe ni". Sentensi ikianza kukimbilia "kwa hiyo nisaidie", ikatishe, anza nyingine. Kimya kikikujia katikati, kiache. Na ombi likikukaba koo kweli kweli, liseme, Mungu si karani wa kukurudishia fomu kwa kuwa umeijaza vibaya. Kisha endelea. Kuomba si dhambi wala si sala ya daraja la chini. Bwana mwenyewe alituwekea mkate wa kila siku ndani ya Baba Yetu, ila alitanguliza "jina lako litukuzwe".

Kuna jambo moja linanikera na nitalisema. Siku hizi kila semina unasikia "sifa zinashusha baraka", "msifu Mungu uone milango ikifunguka". Sina ugomvi na Karismatiki, wale Wakatoliki wa vikundi vya uamsho, wao ndio waliowapa Wakatoliki wengi wa kwetu ujasiri wa kufungua kinywa na kuinua mikono bila aibu. Ila sifa ya kufungulia milango ni ombi lililovaa nguo za sifa. Watu wanapenda kumtaja Paulo na Sila gerezani Filipi, Matendo sura ya 16: waliimba usiku wa manane, tetemeko likaja, milango ikafunguka. Someni mbele kidogo. Milango ilipofunguka hawakutoka! Mlinzi alitaka kujiua akidhani wafungwa wamekimbia, Paulo akampigia kelele asijidhuru, "sote tupo hapa". Kama waliimba ili watoke, mbona walibaki wamekaa? Waliimba wakiwa na migongo iliyochanwa kwa fimbo na miguu kwenye mkatale, na hakuna mahali pameandikwa kwamba walijua tetemeko linakuja.

Haya nayasema pia kwa yaliyonikuta. Kaka yangu alikuwa mgonjwa wa figo, anasafishwa damu kila wiki. Ukoo mzima tulikuwa kwenye novena, zile sala za siku tisa. Tukimaliza ya Mtakatifu Yuda Tadei tunaanza ya Mama wa Msaada wa Daima, tukimaliza tunarudi kwa Yuda Tadei. Tulifanya sawasawa, na ningefanya tena. Lakini nilifika mahali nikiwa nimekaa kwenye lile benchi la nje ya wodi maneno ya kuomba hayatoki tena. Niliishiwa. Nikabaki na ile sala ya mapendo ya utotoni, naisema polepole, nairudia. Sikusikia faraja yoyote ya ajabu, ila ilikuwa sala niliyoweza kuisema bila kuangalia karatasi ya majibu ya maabara kwanza.

Kaka hakupona. Siku ya mazishi, zile nia zetu zote za miezi ile zilikuwa zimepitwa na wakati, lakini sala ya mapendo haikuhitaji kubadilishwa hata neno. Na nilie nisilie, ilibaki vile vile. Msije mkanielewa kwamba mtu aliyefiwa anyamazishwe kwa "msifu Mungu", hapana. Zaburi zimejaa kilio na manung'uniko, na Kanisa linazisali. Nasema tu kwamba sifa inaweza kukaa chumba kimoja na kilio.

Mwisho, kwa uliyeuliza kule chini mtu aanzie wapi: anzia Masifu ya Asubuhi ya Jumapili, Juma la Kwanza. Kuna Zaburi ya 63, mle mnamosemwa kwamba fadhili za Mungu ni njema kuliko uhai. Kuna Zaburi ya 149. Na katikati kuna wimbo wa vijana watatu kutoka Danieli sura ya 3. Uusome kwenye Biblia ya Kikatoliki, maana Biblia nyingi za Kiprotestanti hazina kipande hicho kwenye sura hiyo. Kabla hawajatupwa tanuruni walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza "bali kama si hivyo", hawataiabudu sanamu yake hata hivyo. Ndani ya tanuru wanaita viumbe vyote vimhimidi Bwana, kimoja kimoja: jua na mwezi, mvua na umande, baridi na joto. Na moto nao wanauita, huku umewazunguka. Wimbo ni mrefu na unarudia rudia, kwa hiyo usiusome kama gazeti. Msali watu wawili kama inawezekana, mmoja anataja kiumbe, mwenzake anaitikia. Kitabu uliza kwa masista au duka la vitabu la jimbo, na wakikuambia kimeisha, Zaburi 148 hadi 150 ziko kwenye Biblia uliyo nayo nyumbani.