Barua pepe tu, bila tovuti: maswali yenu

Wiki hii wameniandikia vijana wanaotengeneza tovuti hapa Dar, ambao sasa wanataka kuwauzia wateja wao huduma ya barua pepe peke yake. Nimefurahi sana. Mfanyabiashara anayetuma ankara ya mamilioni kutoka anwani ya bure huanza kwa kutiliwa shaka, na kazi ya kumwondolea shaka hiyo watu wetu wanaiweza.

Kaka, nina wateja ishirini hivi, maduka ya Kariakoo na mawakala wa forodha. Tovuti wanazo, wanataka anwani zenye jina la kampuni. Nilipie cPanel? (Sinza)

cPanel ni paneli nzuri ya kuendeshea seva, ila imejengwa kwa ajili ya tovuti, na tangu 2019 ada yake hupanda kadiri akaunti zinavyoongezeka. Utalipia vyumba ambavyo hakuna anayelala. Kwa barua pepe tupu tazama programu za mailcow, iRedMail au Modoboa; zote unaweza kuzisakinisha kwenye seva yako bila kulipia leseni. Mimi ningechukua mailcow, kwa sababu unaweza kumkabidhi kila mteja usimamizi wa domeni yake, yaani jina la kampuni linalokaa baada ya @. Akiajiri karani mpya anamfungulia akaunti mwenyewe, wala hakupigii simu saa tatu usiku. Inataka seva yenye RAM ya GB 6 kwenda juu. Ya GB 2, hata kwa bei ya kutupa, iache.

Seva nimekodi Ulaya. Barua zinaingia, lakini haitoki hata moja. Nimekosea wapi? (Mbagala)

Huenda hujakosea, ndugu yangu. Seva hupelekeana barua kupitia poti 25, yaani mlango wenye namba hiyo, na kampuni nyingi za kukodisha seva huifunga kuwazuia wasambazaji wa barua taka. Google Cloud wameifunga. Hetzner huifungua ukiomba, baada ya kulipa ankara yao ya kwanza. Poti 587 na 465 ni za simu na kompyuta za wateja wako kukabidhi barua kwenye seva yako, kwa hiyo hazitakuokoa. Ukishafunguliwa, hakikisha umeweka na rekodi ya PTR, ili anwani yako ya IP, yaani namba ya seva yako mtandaoni, ikiulizwa ijibu kwa jina la seva yako. Gmail wanaidai kwa kila anayetuma.

Anayefikiria kuiweka seva sebuleni kwa faiba ya nyumbani aache: IP za nyumbani nyingi zimo tayari kwenye orodha za kuzuiwa, achilia mbali umeme.

Ankara za mteja wangu zinaangukia kwenye barua taka. Analalamika kila siku. (Tegeta)

Hapa ndipo biashara yenyewe ilipo, nami nitakaa kidogo. Mteja anakulipa ili ankara yake ifike.

Kila domeni inahitaji rekodi tatu kwenye DNS, daftari la mtandaoni linaloonyesha huduma za domeni ziko wapi. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina hilo, DKIM huwezesha saini iliyo kwenye kila barua kuhakikiwa, na DMARC humwambia mpokeaji afanye nini barua ikishindwa vipimo hivyo. Tangu Februari 2024 Gmail wanamdai kila mtumaji walau SPF au DKIM, na anayewatumia barua 5,000 kwa siku lazima awe nazo zote tatu.

Kosa ninalokutana nalo mara kwa mara hapa mjini ni SPF mbili. Aliyetengeneza tovuti aliweka yake, wewe ukaongeza ya pili, na zikiwa mbili zote hubatilika. Ziunganishe ziwe moja. Na mara nyingi mwenye duka hajui nani ameshika funguo za DNS ya .co.tz yake, fundi wa kwanza kahamia Mwanza na simu hapokei. Limalize hilo kabla hujapokea hata shilingi.

Kisha ilinde IP yako. Niliwahi kumwachia karani wa mteja mmoja atumie neno la siri 123456. Usiku mmoja mtu wa mbali akalibahatisha, akatuma maelfu ya barua za ulaghai, na kulipokucha IP ilikuwa imeorodheshwa kama ya wasambazaji wa barua taka. Wateja wangu wengine, ambao hawakuwa na kosa lolote, barua zao zilirudishwa kwa siku tatu. Nilimpigia mmoja mmoja kuomba radhi, na wawili waliondoka. Tangu hapo kila akaunti ina kikomo cha barua kwa saa, na neno la siri fupi halipiti. mailcow ina mipangilio hiyo yote miwili. Iweke siku ya kwanza.

Je, sheria inanihusu nikiwa mdogo hivi? (Kigamboni)

Inakuhusu, dada. Unahifadhi barua za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Jisajili kwenye Tume yake, na uwaulize mapema kuhusu seva iliyo nje ya nchi. TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, nao waeleze unachotaka kuuza kabla hujauza. Jina la biashara ni BRELA, TIN ni TRA, leseni ni halmashauri yako.

Nyaya za baharini zikikatika kama Mei 2024, barua zinapotea? (Ubungo)

Hazipotei. Seva inayotuma ikikukosa huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena, kwa kawaida hadi siku nne au tano. Mwaka ule zilipokatika EASSy na Seacom, seva zilizokuwa Ulaya ziliendelea kupokea. Waliokwama ni wateja wa huku waliotaka kusoma. Waunganishe kwa IMAP, njia ya kusomea barua zilizo kwenye seva, kwenye programu inayohifadhi nakala kwenye kompyuta zao, ili wa bandarini akitafuta nyaraka za kontena lake azione hata intaneti ikiwa chini. Bakapu ya seva iweke mahali pengine kabisa, na kila mwezi jaribu kuirejesha.